Alama ya Matope

Hamza alinipigia simu asubuhi nikiwa napiga randa, akasema neno moja tu, "Dada," kisha akanyamaza. Nikajua. Hamza si mtu wa kunyamaza. Hata msibani mdomo wake huwa haumtoshi. "Fundi?" nikamuuliza. "Jana saa kumi," akasema. "Tunamzika keshokutwa huku kwake, Gare. Utakuja?" Nikamwambia hilo ni swali gani. Nilipokata simu niliendelea kupiga randa ule ubao mpaka ukawa mwembamba, hauna kazi tena, na vijana wangu wa karakana wakawa wananitazama. Fundi Zakaria alikuwa amekula chumvi nyingi, hakuna aliyeweza kusema amekatwa mbichi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na neno la kumwambia, neno moja, tangu mwaka ule niliofanya kazi chini yake, na kila nilipokwenda kumsalimia nilijiambia safari ijayo. Mimi huyu ninayejisifu kwa watu kwamba sina haya ya kusema ukweli.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya soko la Lushoto, zamani ghala la viazi, na harufu ya viazi haikutoka hata tulipopaka chokaa mara mbili. Ukungu uliingia kwa chini ya mlango kama mtu wa nyumbani. Katikati palikuwa na meza ya mkaratusi aliyoichonga Fundi mwenyewe, nzito, haisogezwi na mtu mmoja, na juu ya meza hiyo tulipima, tuligonga, tulichora na tulikula. Tulikuwa wanne. Fundi Zakaria, seremala, mkubwa wetu. Bi Rehema, mkunga mstaafu, mama mwenye maneno machache na macho makali, aliyeletwa kutushauri juu ya wagonjwa. Hamza, mchomeleaji, aliyenizidi miaka miwili na hakuacha kunikumbusha. Na mimi, niliyetoka chuo cha ufundi na penseli zangu na kiburi changu. Kazi tuliyopewa ilikuwa moja: kubuni machela. Wazee wa vijiji vya juu huko, ambako gari halifiki, walikuja wakakaa kwenye ile meza wakasema wamechoka kuwateremsha wagonjwa kwa kitanda cha kamba kilichofungwa miti miwili, watu sita wakipokezana, na wengine wakifia njiani.

Mchana tulikula pamoja. Makande mara nyingi, au bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mnavu, na msimu wa plamu tulikula plamu mpaka meno yakafa ganzi. Mimi ndiye niliyeshika jagi la maji ya kunawa kwa kuwa ndiye mdogo. Nilianza na Fundi, nikaenda kwa Bi Rehema, nikaja kwa Hamza, kisha Hamza akanimiminia mimi huku akinung'unika kwamba maji nimeyamaliza kwa wakubwa. Hakuna aliyewahi kutupangia utaratibu huo. Ungeniambia nianze na Hamza, mkono wenyewe ungekataa. Nayaeleza haya ya kunawa kwa sababu bila hayo hutaelewa tulivyokosea.

Mawazo yalikuwa matatu. La Fundi lilikuwa machela yenye gurudumu moja la baiskeli katikati, watu wawili tu wanaisukuma, mmoja mbele mmoja nyuma. La Hamza lilikuwa kiti cha chuma cha kubebwa mgongoni. Langu lilikuwa turubai na mianzi miwili, na mikanda ya begani kwa wabebaji wanne. Tulibishana juma zima tukawa hatusikilizani, ndipo akaja mwalimu mmoja wa usanifu kutoka Tanga, akakaa nasi majuma mawili. Kijana mpole, miwani yake imefungwa uzi. Alichora jedwali ubaoni. Mawazo juu, vigezo pembeni: uzito, idadi ya wabebaji, mgonjwa kulala vizuri, kupita kwenye kona, kutengenezeka kijijini, kuteremka kwenye matope. "Kile kitanda cha kamba ndicho kipimo chetu," akasema. "Kwa kila kigezo, kitanda kipeni tatu. Wazo likiwa bora kuliko kitanda, lipate nne au tano. Likiwa baya kuliko kitanda, mbili au moja." Fundi alikunja mikono kifuani. "Mimi nimejenga mapaa miaka arobaini bila jedwali, na hakuna lililomwangukia mtu," akasema. Mwalimu akacheka kwa adabu, akaongeza sharti moja na kulipigia mstari: kwenye matope, akitokea mtu mmoja tu akatoa chini ya tatu, kazi isimame mpaka aliyetoa alama hiyo asikilizwe. "Mmoja tu anatosha," akarudia.

Tulijaribu gurudumu siku ya mvua, kwenye mteremko ulio nyuma ya soko. Mgonjwa wetu alikuwa gunia la viazi. Kwenye pakavu lilikwenda vizuri mno, nilisikia wivu. Tulipofika kwenye utelezi gurudumu lilizama kidogo, likakataa kugeuka, kisha likateleza lenyewe upande wa bonde na kumvuta Hamza aliyekuwa mbele. Gunia likaporomoka hadi kwenye migomba. Tulisimama pale tumeloa. Fundi akafuta matope usoni. "Gunia halina akili ya kujishika," akasema. "Mtu atajishika." Bi Rehema alikaza kanga yake kiunoni akatazama pembeni. Hamza akacheka, nami nikacheka, na tukaenda kuokota viazi.

Tuliporudi ndani mwalimu alimpa kila mtu karatasi. Aandike alama zake peke yake, bila kumtazama mwenzake, aikunje. Tuliandika. Kwenye kigezo cha matope, safu ya gurudumu, niliandika 2. Mkono haukusita, kwa maana hiyo ndiyo kweli niliyoiona: heri kitanda. Karatasi zikawekwa kwenye kopo la majani ya chai, ila kabla ya kuzifungua mwalimu akaitwa nyumbani, mama yake amezidiwa. Akatuomba tuzifungue sisi wenyewe kisha tuzungumze. Akaondoka hata chai hakunywa.

Jumatatu Fundi alichukua lile kopo akalitia juu ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi. "Mambo ya kusemana kwa vikaratasi ni ya watu wanaogombana," akasema. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Tutasema kwa midomo." Ilisikika vizuri sana. Hata mimi niliona ni ya heshima kuliko ile ya mwalimu. Tukaanza, na tulianza kama tulivyonawa. Kwa kila kigezo Fundi alitaja, akafuata Bi Rehema, akafuata Hamza, nikamalizia mimi na chaki yangu. Na hapo palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mkubwa akishataja alama, mdogo anaruhusiwa kushuka ngazi moja. Moja ni maoni. Mbili ni utovu wa adabu. Tulipofika kwenye matope Fundi alivuta pumzi, akasema, "Nikilikaza vizuri lile tairi, nne." Bi Rehema akakaza kanga yake, kisha, "Nne." Hamza, "Nne." Wote wakanigeukia. Nilikuwa na ile mbili mdomoni, naapa nilikuwa nayo. Nikawaza: wazo langu ndilo linaloshindana na lake, watasema namkata mzee ili langu lipite. Nikawaza: wenzangu watatu wameona nne, labda macho yangu ndiyo yenye kasoro. Nikasema, "Tatu." Na ujue upumbavu wangu ulipofikia: nilijiona shujaa kwa kusema tatu. Gurudumu likashinda.

Tulijenga kwa miezi miwili. Sitasema ilikuwa miezi mibaya, ningekuwa mwongo. Fundi alinifundisha kusikiliza mbao kabla ya kuzikata, na adhuhuri jua likipenya ukungu alituimbia tenzi za kanisani huku Hamza, Mwislamu wa watu, akimwitikia kibwagizo kwa sauti nzito. Machela ilitoka nzuri, nyekundu, watu walikuja kuitazama wakitoka sokoni. Tuliipandisha wenyewe hadi kijijini wakati wa kiangazi, njia kavu kama sakafu. Akina mama wakapiga vigelegele. Kila usiku wa miezi ile nilijiambia kwamba Fundi amelikaza tairi vizuri, kwamba mtu atajishika.

Masika yakaja. Hamza ndiye aliyeleta habari, mchana, tumekaa mezani na makande yamepakuliwa. Alikuwa amekwenda kijijini kukaza bawaba, akarudi mbio, suruali ina matope mpaka mapajani. Mwanaidi, msichana wa miaka kumi na tisa, uzazi wake wa kwanza, uchungu ulimshika alfajiri. Walimteremsha kwa machela yetu. Kwenye kona iliyo juu ya kijito gurudumu lilizama, likateleza upande wa bonde, na vijana wawili hawakuweza kulizuia. Mwanaidi alijishika kama Fundi alivyosema. Alijishika kwenye machela, ikaenda naye. Ikabidi warudi juu kufuata kile kitanda cha kamba, na hapo saa zikapotea. Alifika barabarani akiwa hai. Mtoto alizaliwa njiani, akapumua kidogo, akafa kabla hawajaliona gari. Fundi Zakaria alichukua sahani akaifunika chakula chake, taratibu, kama mtu anayefunika uso. Bi Rehema alikuwa ameshasimama anatafuta viatu.

Asubuhi iliyofuata mazishi ya yule mtoto, Fundi alitukalisha wote watatu mezani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akauliza swali moja: "Nani alijua?" Nilisikia mvua juu ya bati. Nilitazama mikono yangu. Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani wenzangu waliamini ile nne yao, na kwamba katika chumba kile palikuwa na mwuaji mmoja na watu watatu waliokosea. Fundi alingoja, akangoja mpaka makaa yakazimika chini ya birika. Kisha akasema, "Basi," akainuka akaenda kuivunja ile machela kwa shoka, gurudumu akalizika nyuma ya choo.

Tangu siku ile alibadilisha namna ya kutoa alama. Kila mtu alipewa punje tano za mahindi. Kigezo kikitajwa, unahesabu punje zako chini ya meza, unakunja ngumi, unaiweka juu. Fundi anasema, "Fungueni," na ngumi zinafunguka kwa pamoja, ila yake. Yeye aligeukia ukuta mpaka zetu zihesabiwe, kisha akafungua ya mwisho. Mara ya kwanza tulipopima turubai langu, Hamza alifungua ngumi ikiwa na punje moja kwenye kigezo cha kona. Moja! Niliona uso unaungua. Fundi akasema tusimame tumsikilize, na Hamza akaeleza kwamba mianzi yangu ni mirefu, mbebaji wa mbele akipinda kona wa nyuma anakanyaga hewa. Alikuwa sahihi, mshenzi yule. Tukafupisha. Tuliwapandisha watu halisi safari hii, si magunia, na siku za mvua tu. Machela hiyo ya turubai bado ipo katika vijiji vile, wameshonea turubai jipya sijui mara ngapi. Mwaka ulipokwisha nikaondoka. Leo nina karakana yangu, na vijana wangu wanacheka ninapowagawia mahindi na kugeukia ukuta. Hawajui ninatazama nini pale ukutani. Tulifundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa letu.

Tulimzika Fundi mchana, jua likiwa kali kwa hali ya Gare, kwaya ikaimba zile zile tenzi zake. Bi Rehema alitangulia miaka mingi, hivyo tulisimama wawili tu, mimi na Hamza mwenye mvi. Baada ya udongo, Mama Nuru, mjane wake, aliniita chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, miwani ya marehemu ipo dirishani. Akafungua kasha akatoa lile kopo la majani ya chai. "Alisema nikupe wewe," akasema. Ndani karatasi nne hazikuwa zimekunjwa tena. Zilikuwa zimenyooshwa na kushonwa pamoja kwa uzi mweusi, kona moja. Nilijua mwandiko wa kila mmoja. Nikaenda moja kwa moja kwenye ule mstari. Bi Rehema: 1. Hamza: 2. Mimi: 2. Na ile ya juu kabisa, kwa zile namba zake za kulala alizoandika kwenye mbao zetu zote: 2.

Nilikaa kitandani bila kuambiwa. "Alizifungua lini, mama?" nikauliza. "Jioni ile ile mtoto wa Mwanaidi alipozikwa," akasema. "Hakulala." Kumbe asubuhi ile alipotuuliza nani alijua, alikuwa ameshatusoma sote, na amejisoma na yeye. Alingoja mmoja wetu aseme. "Aliniambia hata ile nne alisema akitumaini mmoja wenu atamzuia," akaendelea Mama Nuru. "Gurudumu lilikuwa lake, hakuweza kulikataa mwenyewe mbele yenu." Nililia, lakini sitaficha kwamba nilikasirika pia. Mtu mzima, seremala wa miaka arobaini, anamngoja msichana wa miaka ishirini na mitatu amzuie? Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa miaka yote hii nikingoja safari ijayo, na hasira ikakosa pa kukaa.

Mlango ukasukumwa, akaingia mama mmoja na jagi na beseni, taulo begani. Walikuwa wanapita kunawisha wageni. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, dada Salome." Alikuwa Mwanaidi. Kanenepa, ana mwanya ule ule niliouona tulipopandisha machela kijijini kwao. Nikaitikia marahaba, na ile marahaba ilinichoma. Mama Nuru akatutazama, akatoka polepole akauvuta mlango.

"Mwanaidi," nikasema, "ile machela nyekundu. Nilijua itateleza. Nilijua kabla hatujaijenga."

Aliweka beseni chini. "Fundi alikuja kuniambia hayo," akasema. "Nilikuwa bado nimelala kwa mama. Akapewa kiti akakataa, akakaa chini mlangoni. Alisema aliyejua ni yeye peke yake, ninyi vijana hamkuwa na habari. Mama alimfokea sana. Akawa anajibu tu, mkubwa jalala, mama, mkubwa jalala."

"Alikudanganya," nikasema, nikampa zile karatasi.

Alizishika mbali kidogo na macho, kidole kikifuata mstari niliomwonyesha. "Mbili," akasoma. "Moja. Mbili. Mbili. Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema heri kitanda cha kamba."

Nje akina mama walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini juu ya sufuria. Alizihesabu tena zile karatasi, ukurasa kwa ukurasa. "Wote wanne," akasema. "Na mlipokaa kuamua, mlisemaje?"

"Wao nne. Mimi tatu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na miaka mingi ya kuliandalia jibu swali hilo. "Fundi alikuwa ameshatangulia kusema," nikamwambia. Lilipotoka lilikuwa dogo mno, nikatamani kulirudisha.

Hakulia wala hakufoka. Alizikunja karatasi akaziingiza kifuani mwa gauni lake, nami sikuthubutu kuziomba. "Alikuwa wa kike," akasema. "Nilimpa jina pale pale njiani, bado anapumua. Fundi alikuja, Bi Rehema alikuja, Hamza namwona kila juma sokoni. Hakuna mmoja wenu aliyewahi kuniuliza anaitwa nani."

"Anaitwa nani?"

"Zaina," akasema. Akainama akachukua jagi. "Lete mikono, dada. Wenzako wanangoja."